Sakafu Mpya ya Mgambo

Siku ukumbi mpya wa mazoezi ulipofunguliwa, mgambo wote walivua buti mlangoni, kwa kuwa sakafu iling'aa mno, wakaogopa kuikanyaga.

"Mmekuja msikitini?" aliuliza sajenti. "Vaeni! Serikali imewajengea mahali pa mazoezi, si chumba cha bibi harusi."

"Tusamehe, afande, tumezoea vumbi," alisema Mwashamba, mama fundi cherehani. Wenzake walicheka, lakini yeye hakucheka. Alishafeli mara mbili mtihani wa kutambaa, magoti yakichanwa na kokoto za uwanja wa zamani. Akifeli tena leo, atavuliwa sare.

Filimbi ikalia. Mwashamba akalala kifudifudi juu ya mkeka wa mpira, laini na wa baridi. Akavuta kiwiko, akavuta goti, na mwili ukateleza kana kwamba maji yanamsukuma kutoka chini.

"Umefaulu, mama! Simama!"

Sauti ya sajenti ilimfikia kwa mbali sana. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, nje nyasi zikilala na kuinuka kwa upepo, na Mwashamba, kwa raha ya kutambaa bila maumivu kwa mara ya kwanza, akazidi kutambaa kuzielekea.