Kokoto za Kima

Msituni bado wanaukumbuka mwaka Kima alipotajirika. Alichora sura ya pimbi anayecheka kwenye kokoto, akamuuzia mtani wake Nungunungu kwa hindi moja. Kisha akachora nyingine elfu, akatangaza, “Kokoto moja ni hindi moja. Basi mimi ni tajiri wa mahindi elfu.” Hesabu ilikuwa sahihi, kwa hiyo wanyama wakaanza kumwamkia shikamoo. Tajiri halimi, shamba la Kima likaota magugu.

Njaa ilipoingia, alimbebea Nungunungu gunia zima la kokoto. “Mtani, nipe mahindi kumi tu. Wanangu hawajala.”

“Lile hindi la kwanza lilikuwa la utani,” Nungunungu akamjibu. “Ila tajiri hakosi cha kumfaa mwenzake. Niazime jembe lako, maana naona halina kazi.”