Kiti cha Mbaruku

Miaka yote Mbaruku alilipwa kusukuma watu tu. Katika mchezo ule wa mpira wenye ncha mbili, unaochezwa ndani ya ukumbi, kushika mpira ilikuwa kazi ya wenye mbio. Yeye, kwa kifua chake, aliwafungulia njia. Sasa magoti yalikuwa yamekataa, na hii ilikuwa mechi yake ya mwisho.

Mechi ikielekea ukingoni, wapinzani walipiga mpira golini. Ukagonga wavu uliotandazwa kando ya nguzo za goli, ukarudi uwanjani. Kwa sheria za ukumbini, mpira uliorudishwa na wavu ni wa yeyote atakayeuwahi. Ukamdondokea Mbaruku tumboni.

Akaukumbatia, akakimbia. Hakufika mbali. Wapinzani wakamvaa, wakamrusha juu ya ukuta wa magodoro unaozunguka uwanja, akatua puu kwenye kiti kitupu, katikati ya watazamaji.

Mwanamke wa kiti cha jirani akasogeza pochi yake. "Umeumia, baba?"

"Hata kidogo."

Mwamuzi akaja na kunyoosha mkono. Mbaruku akaufunika mpira.

"Mpira ukiingia jukwaani ni wa aliyeudaka," alisema kwa upole. "Sheria si ndiyo hiyo?"

"Hiyo ni ya watazamaji. Wewe mchezaji."

Mbaruku akavua helmeti, akaisukuma chini ya kiti, akaegemea. Mwanamke akamwelekezea mfuko wa bisi, naye akachota kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa bado juu ya mpira.