Vifaranga wa Marceline

Kifaranga aliangukia ubavu, akasimama, akaanguka tena. Étienne alimwokota. Mtetemo wa kile kichwa kidogo ulipanda mpaka kwenye kiwiko chake.

"Wa saba, dokta," alisema jirani yake, Mama Bibiane. "Siku ya kutoka mu yai njo balianza kutetemeka."

Étienne akaandika kwenye daftari. Alikuwa ametoka shuleni na diploma ya mifugo mwaka uleule mishahara ilipokatika mjini Likasi. Hakuwa na cha kuwapa majirani zake wa mtaa wa Kikula ila wazo moja: kila nyumba iatamishe mayai, ili Noeli watoto wale nyama. Alipita mlango kwa mlango na kapu la mayai ya kuku wake wakubwa, sita kwa kila mama. Sasa vifaranga wa avenyu nzima walikuwa wanatetemeka.

"Ni virusi," aliwaambia watu baada ya ibada. "Vinaingia kwenye ubongo wa kifaranga, miguu inasahau kazi yake. Haviji hivihivi. Kuna nyumba vilikotoka, na nitaipata."

Papa Dominique, mkubwa wa avenyu, alikohoa. "Musikie dokta. Iko nyumba moja. Na nyumba moja tu haina kifaranga mugonjwa."

Watu wote wakageuka kumtazama Marceline, mjane.

"Sikusema hivyo, papa," alisema Étienne.

"Ulisema. Ilibakia jina tu."

Kesho yake Étienne alisihi mjane asifukuzwe, akaeleza, akafungua kitabu chake penye picha ya ubongo. Papa Dominique aliitazama kwa heshima.

"Muzuri. Na bulozi, ile uchawi, iko ku page gani?"

Saa sita mchana Marceline alikuwa juu ya lori la kwenda kwao Kapolowe, yeye na watoto wanne, sufuria na tenga. Ndani ya tenga vifaranga wake walichungulia, shingo zimenyooka.

Étienne alishika ubao wa lori. "Mama, niambie tu. Hawa uliwafanya nini? Nipate neno la kukutetea."

Marceline alitazama chini kwa haya. Lori likaanza kuondoka, naye akainama ili asisikike na wengine.

"Usinikasirikie, dokta. Mayai yenye ulinipatia, miye nilipikia batoto. Balikuwa na njala. Hii vifaranga ni ya mayai ya kuku yangu mwenyewe."