Mzinga Usio na Alama

Mwanahawa alishika mkasi wake wa kazi, akakata filamu pale alipokuwa amefunga uzi mwekundu, na kile kipande akakitupa kwenye jiko la mkaa. Kilijikunja, kikatoa moshi mbaya. Miezi minane ya kazi, na sehemu aliyoipenda kuliko zote ndiyo hiyo iliyokuwa ikinuka sebuleni kwake, mtaani Kanyenye.

"Ahsante, Ndugu Mwanahawa," alisema Raymundi, mjumbe wa kampuni ya vitabu, akatia tiki kwenye karatasi yake. "Nimeshuhudia."

Raymundi hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa na karatasi, na karatasi ilikuwa na muhuri.

Mambo yalianza kwa mapenzi tu. Mwanahawa, fundi cherehani, alikuwa na kitabu alichokipenda tangu shuleni. Kilikuwa kisa cha mpagazi wa misafara ya zamani aliyemwacha mkewe Nyamizi, mgonjwa hajiwezi, chini ya mti wenye mzinga wa nyuki, kwa kuwa msafara haumsubiri mtu. Mwisho wa kisa mpagazi anakwenda zake, hageuki nyuma. Jina la mtunzi halikuwekwa. Juu ya jalada palikuwa na alama tu, mikato mitatu na duara.

Kaka yake, mpiga picha, alipofariki akamwachia kamera ndogo ya sinema, Mwanahawa aliwakusanya majirani wakicheze kisa kile. Kisha, yeye na adabu yake, akaiandikia kampuni kuomba ruhusa. Angenyamaza nani angejua? Lakini ndivyo alivyolelewa.

Jibu lilikuja na masharti. Mtunzi ni marehemu, liliandikwa, na haki zote ni za kampuni. Sinema isizidi robo saa. Kiingilio kisitozwe. Alama ya jalada isionekane popote, kwani nayo ni mali ya kampuni. Mwisho usibadilishwe. Kitakachokiuka masharti kikatwe na kuchomwa mbele ya mjumbe, la sivyo filamu nzima itachukuliwa. Na filamu yenyewe ilikuwa hiyo hiyo moja, haina nakala.

Mwanahawa aliwasomea wachezaji wote barua hiyo uwanjani. Aliyesikiliza kwa makini zaidi ni Mzee Ngollo, mrina asali wa kijiji cha Ipole, aliyepanda lori akaja mwenyewe aliposikia kuna mchezo wa wapagazi. Umri ulikuwa umemtupa mkono, lakini hapakuwa na mwingine aliyejua kutembea na mzigo begani, basi wakampaka masizi kwenye ndevu akawa kijana. Mzinga wa mchezo aliuchonga yeye pia, na siku hiyo alikuwa ameshatoa tezo ili autie alama.

"Marehemu?" aliuliza.

"Ndivyo walivyoandika, mzee. Na muhuri wamegonga."

"Na alama nayo ni yao?"

"Ni yao. Huo mzinga uache mtupu."

Mzee aliutazama ule muhuri kwa muda, akarudisha tezo mkobani. Kwa warina asali jambo hilo si dogo. Mzinga usio na alama hauna mwenyewe, na alama ya mtu haichongi mwingine, hata mwanawe wa kumzaa.

Kuhusu mzinga alitii. Mwisho wa kisa ndio uliomshinda. Kamera ikiwa inanguruma, alifika mahali pa kwenda zake, akasimama. Akatua mzigo. Akarudi, akapiga magoti kando ya Nyamizi, akavua shuka lake akamfunika taratibu, kama mtu anayefunika mtoto. Batuli, mdogo wake Mwanahawa aliyekuwa akiigiza Nyamizi, alilia machozi ya kweli.

"Mzee, kitabuni harudi," Mwanahawa alimwambia.

"Miaka yote anamwacha tu," alisema Ngollo. "Mimi nimechoka kumwacha."

"Tusimharibie marehemu kazi yake. Mwenyewe hayupo ajitetee."

Mzee hakubishana. Alijifuta masizi kwa kiganja, akaaga, akarudi Ipole.

Mwanahawa hakuwa na moyo wa kukikata kile kipande, mpaka Raymundi alipoteremka kwenye treni na karatasi yake. Sasa kimeungua, na ruhusa amepewa. Sinema ingeonyeshwa Sabasaba. Majirani walimpongeza, naye alijilazimisha kufurahi, wapi. Kila akiketi kwenye cherehani alimwona yule mzee amepiga magoti. Siku ya tatu aliona afadhali akamwambie mwenyewe, uso kwa uso, na ampelekee kile kitabu chake cha shule kiwe zawadi.

Huko Ipole watu walikuwa wakifunga mizigo, wamepewa amri ya kuhamia kijiji kipya. Mwanahawa alimkuta Mzee Ngollo nyuma ya nyumba, ameketi katikati ya vumbi la mbao. Mizinga yake yote ilikuwa imeteremshwa mitini na kupangwa safu, na mmoja alikuwa ameupakata, akiukwangua kwa tezo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wamekupa ruhusa?"

"Wamenipa. Lakini pale uliporudi kwa Nyamizi... nimepachoma, mzee. Nilitaka kumtendea haki marehemu. Roho inaniuma, nisamehe."

Mzee alipuliza vumbi la mbao, akaendelea kukwangua.

"Hukuwa na la kufanya," alisema. "Hata mimi namalizia kufuta ya kwangu. Kama ulivyosema, ni yao. Sitaki waje kuichukua mizinga yangu. Imebaki mitatu tu."

Mwanahawa alisogea, kitabu mkononi, ile mikato mitatu na duara ya jalada ikiwa juu, akainama kuona anachokwangua. Ubavuni mwa mzinga mkato mmoja ulikuwa umeshaondoka. Ilibaki mikato miwili na duara.