Miguu ya Mwanzi

Aloyce alichuchumaa mbele ya karakana, akaomba awekewe mgongoni nusu gunia la mahindi. Sefu, fundi wa vitanda na viti pale Mfaranyaki, alimtazama kwanza Recho, mke wa Aloyce, kama anayeuliza iwapo mumewe ni mzima. Recho akaitikia kwa kichwa. Gunia likapanda.

"Sasa nipe hiyo stendi," alisema Aloyce.

Ilikuwa stendi ya mbao ya miguu mitatu, ya wapima ardhi wa zamani. Aliiweka begani, akajaribu kuinuka. Magoti yalikataa, akarudi chini akihema. Ilikuwa imara kuliko zote walizoziona tangu asubuhi, lakini kwa uzito ule asingefika hata nusu ya mlima.

Walikuwa wamezunguka mji mzima. Madukani waliuziwa maneno matamu na stendi za alumini za kuwekea simu. Nyepesi, sawa, lakini kamera yao ilikuwa ya kale, boksi zito la mbao na kioo, na ukiiweka juu ya vile vijiti inayumba kama mlevi. Ile ya chuma ya wapiga video wa harusi ilitulia vizuri, ila kuibeba ni adhabu.

Mwezi uliopita walipanda mlima Matogoro na stendi ya alumini. Upepo wa kule juu uliitikisa, na picha ya mji ikatoka ukungu mtupu. Ilitakiwa ipigwe kutoka kwenye jiwe lilelile ilipopigiwa ya kwanza, kabla Aloyce hajazaliwa. Filamu za kamera ile hazipatikani tena. Imebaki moja; ikiharibika hiyo, basi tena.

Aloyce alikuwa amechoka, mwili na roho. Wiki nzima anafundisha, na Jumamosi yake ndiyo hiyo inaishia kwenye magunia ya watu. Recho alishamwambia aachane na habari za mlima kabla mgongo haujavunjika. Alijibu kwamba ameahidi.

Sefu, kwa kuwaonea huruma, alichomoa mianzi mikavu aliyoitunza darini. Hadi alasiri alikuwa ameshaunga miguu mitatu yenye ncha za nondo, na juu yake kibao cha mninga. Aloyce alijitwika tena gunia, akaweka mwanzi begani, akainuka. Alitembea hadi barabarani na kurudi. Kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu.

Kisha akaomba miguu ikatwe, kibao kimfike kiunoni.

"Utainama mpaka kiuno kife, mwalimu," Sefu alimwonya.

"Kata tu."

Sefu akakata. Aloyce aliweka kikombe cha maji juu ya kibao, akaugonga mguu mmoja kwa kidole, akayakodolea macho maji. Yalitetemeka kidogo, yakatulia. Ndivyo alivyoagizwa, alieleza, na mfuko wa mawe wa kuning'iniza chini yake wataujazia hukohuko juu. Sefu alidhani ni mambo ya mitandaoni.

"Na kamera anabeba nani?" aliuliza.

"Mimi, kichwani," alisema Recho.

Sefu alicheka. Alimtania Aloyce kwamba wanaume wa siku hizi wamejua kujipumzisha, mke abebe kamera nzito wakati mume anatembea na vijiti. Aloyce alilipa, akashukuru, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata bajaji iliwashusha chini ya mlima. Recho alimfungia Aloyce stendi kwa mbele, kifuani. Akakunjua kitenge kipana, kilekile kilichokuwa mbeleko ya watoto wao. Aloyce akachuchumaa kama jana, akashika magoti yake, akangoja mzigo.

Mikono miwili mikavu, yenye madoa ya dawa za kusafishia picha, ikamzunguka shingoni. Recho alikaza kitenge, akapiga fundo, akaangalia kama miguu iliyopooza imekaa vizuri.

"Uliijaribu kwa maji, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Haikutikisika."

"Basi inuka taratibu," alisema mpiga picha.