Sahani ya Mama Mize

Salha alichora kadi za harusi nyumbani kwake Tanga, na kodi haikumuumiza kichwa. Kila alipopokea chochote, Karani, mashine ya ukutani iliyotunza mlango na mapato yake, alikata fungu la serikali papo hapo na kumtakia siku njema.

Alasiri moja Mama Mize, jirani aliyemlea tangu utotoni, alirudisha sahani aliyopelekewa pilau. Sahani ya jirani hairudishwi tupu, kwa hiyo aliijaza vitumbua.

“Hivyo ni malipo ya kazi gani?” Karani akauliza.

“Si malipo. Huyu ni jirani yangu.”

“Jirani uliyempa pilau. Hiyo ni biashara.”

Mama Mize akamkonyeza Salha. “Mwanangu, mwambie hunijui, tule kwa raha zetu.”

Salha akacheka. “Basi, simjui.”

“Sadaka ya mgeni haina kodi,” Karani akasema kwa upole.

Wakala vitumbua vingali vya moto, wakilamba vidole.

Kesho yake asubuhi Mama Mize alipiga hodi kama kawaida. Mlango haukufunguka. Salha, kikombe cha chai mkononi, alimsikia Karani akiuliza kwa adabu, “Wewe ni nani, mama? Mwenye nyumba hakujui.”