Kivumbasi cha Pelele

Zama wanyama walipokuwa wakitibiana wenyewe, Pelele, yule mnyama mdogo wa miambani, ndiye aliyeyajua majani kuliko wote. Alipanda kivumbasi mlangoni pa pango lake, na kila mpita njia alielezwa faida zake: mvuke wake hufungua kifua, harufu yake hufukuza mbu, na mgonjwa akijifukiza hupata usingizi.

Mkewe akaanza kukohoa.

"Mume wangu, nichumie kidogo nijifukize."

"Vumilia, mama. Nguvu yake hukamilika kikichanua. Bado siku tisa."

Jirani yao Kanga, asiyejua kufunga mdomo, akadakia, "Kwani kifua chake nacho kinasubiri maua? Chuma, bwana!"

"Wewe shemeji, kazi yako ni kupekua takataka. Dawa niachie mimi."

Siku ya sita mkewe hakuomba tena. Siku ya nane wakamzika. Siku ya tisa kivumbasi kikachanua maua meupe tele, sawasawa na alivyohesabu.

Pelele alikaa mbele ya kivumbasi hicho mpaka jua likamchoma. Hakujua kama majani machanga yangemponya mkewe. Alijua tu kwamba yangempa usingizi.

Msimu uliofuata Kanga alikuja akikohoa. "Najua hakijachanua, shemeji," alisema kwa haya. "Nitarudi."

"Kaa hapo," Pelele akasema. Chungu kilikuwa tayari jikoni, na mkono wake ulikwisha kuvunja tawi la kwanza.

Tangu siku ile kivumbasi cha Pelele huchumwa kikiwa kichanga, na hakuna jirani aliyewahi tena kukiona kikichanua.